MCHOKO NA MVUNJIKO WA ALUMINI ILIYOUNGWA KWA KUSONGWA: SUALA LA MAANA NA ISTILAHI

1. Utangulizi

Katika karakana za wazi zilizo kando ya barabara mjini Kitui, kama ilivyo katika miji mingine ya Ukambani, kazi ya kuunga vyuma huendeshwa kwa Kikamba na Kiswahili. Kwa lugha hizo fundi humwamuru mwanagenzi wake ashike, ageuze, apoze, agonge. Lakini kitabu kinachoeleza kwa nini kiungo kilichoonekana kizuri leo kitavunjika baadaye, bila kuongezewa mzigo wowote, kimeandikwa kwa Kiingereza. Na mtihani wa chuo cha ufundi nao hufanywa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba maarifa ya kuunga yamo katika lugha moja, na maarifa ya kuvunjika yamo katika lugha nyingine.

Madhumuni ya makala hii ni kueleza kwa Kiswahili tabia ya aloi za alumini zilizoungwa kwa njia ya msuguano, hasa namna zinavyochoka na kuvunjika, na papo hapo kupima kama maneno tuliyorithi yanatosha kwa kazi hiyo. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha, ila uteuzi wa istilahi unapaswa kufuata tabia ya kitu chenyewe badala ya kufuata neno la kigeni. Pale uteuzi unapofanywa kwa pupa, kosa la neno huweza kuwa kosa la kazi.

2. Tatizo la neno "uchovu"

Hali ya metali kudhoofika kwa kupokea mzigo mdogo mara nyingi huitwa aghalabu "uchovu wa metali". Neno hilo ni tafsiri sahihi ya istilahi za lugha za Ulaya, lakini lina kasoro moja. Katika matumizi ya kawaida, aliyechoka hupumzika, na akipumzika nguvu humrudia. Metali haina sifa hiyo. Ufa uliokwisha kuanza ndani ya bamba la alumini hautajifunga kwa kuwa gari limelazwa gereji mwezi mzima. Mwanafunzi aliyefundishwa neno "uchovu" bila maelezo ana haki ya kudhani kwamba mapumziko ni dawa.

Hata hivyo, kitenzi "choka" chenyewe hakistahili kutupwa. Wazungumzaji husema kiatu kimechoka, au gari limechoka, na hakuna anayefikiri kwamba kiatu hicho kitapata nafuu kikiachwa uvunguni. Kumbe katika kitenzi hiki mna maana mbili: ya kiumbe anayeishiwa nguvu kwa muda, na ya kitu kilichotumika hata uhai wake ukapungua. Sayansi ya metali inahitaji maana ya pili. Kwa sababu hiyo yafaa nomino "uchovu" iachiwe viumbe, na kwa metali itumike nomino "mchoko", ambayo imeundwa kwa utaratibu ule ule uliozaa "mvunjiko", "mpasuko" na "msuguano". Faida yake ni kwamba istilahi zote za somo hili zitakuwa katika ngeli moja na zitatambulikana kuwa ni jamaa.

Neno jingine linalopendekezwa wakati mwingine ni "uchakavu". Hili halifai. Kitu kilichochakaa huonekana kwa macho: kimelika, kimesagika, kimepauka. Metali yenye mchoko huweza kung'aa kama mpya hadi siku ya kukatika, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Kwa mwanafunzi wa Kitui kuna mtego mwingine mdogo. Katika Kikamba, kuchoka ni "kũnoa". Kwa maandishi neno hilo linakaribia sana kitenzi cha Kiswahili "noa", yaani kutia makali. Mwalimu wa ufundi anayesema kwa Kiswahili kwamba chombo kimenolewa hana budi kuwa mwangalifu asije akaeleweka kuwa kimechoshwa.

3. Kurudiarudia

Kila aliyewahi kukosa koleo anajua namna ya kukata waya: huukunja upande huu, akaukunja upande wa pili, akarudia mpaka ukakatika. Mkono ambao haungeweza kuukata waya huo kwa kuuvuta mara moja huukata kwa kuukunjakunja. Kiswahili kina umbo maalumu la jambo hili, nalo ni uradidi wa shina la kitenzi: kunja ni tendo moja, kunjakunja ni tendo linalorudi. Mchoko wa metali wote umo katika tofauti ya maumbo hayo mawili.

Aliyelichunguza jambo hili kwa vipimo alikuwa August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, kati ya miaka ya 1850 na 1870. Wöhler alichunguza ekseli za magari ya reli, zilizokuwa zikivunjika ingawa uzito zilioubeba ulikuwa chini ya nguvu zao. Ekseli inapozunguka, sehemu iliyokuwa juu huwa chini, na iliyokuwa ikibanwa huvutwa. Kila mzunguko mmoja ni kunja na kunjua. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1 huzunguka mara 318 hivi katika kila kilomita. Kwa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, yenye kilomita 472 hivi kati ya Mombasa na Nairobi, ikipita Mtito Andei, Kibwezi na Emali katika Makueni, gurudumu kama hilo hutimiza mizunguko 150,000 kwa safari moja, na mizunguko milioni 10 kabla ya safari ya 70. Kwa hiyo namba ambazo masikioni mwa msomaji ni za kinadharia hupatikana kwa muda mfupi tu wa kazi ya kila siku.

Wöhler alionyesha kwamba mkazo unapopunguzwa, idadi ya marudio ambayo chuma kinaweza kuvumilia huongezeka. Kwa aina nyingi za chuma cha pua kuna kiwango cha mkazo ambacho chini yake metali, katika majaribio ya kawaida, haivunjiki hata ikirudiwa mara milioni nyingi. Alumini haina mpaka ulio wazi namna hiyo. Hata mkazo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, unaendelea kuhesabiwa. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba ni maelezo mafupi ya kanuni hiyo, isipokuwa hapa kinachojazwa ni hasara.

4. Ndege iliyotua Entebbe

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia ya maarifa haya. Tarehe 2 Mei 1952 shirika la ndege la BOAC lilianzisha safari ya kwanza ya abiria kwa ndege ya jeti, kutoka London hadi Johannesburg. Ndege iliyotumika ilikuwa Comet, yenye alama G-ALYP, na miongoni mwa vituo vyake njiani vilikuwa Khartoum na Entebbe. Kiwiliwili chake kilikuwa cha mabamba membamba ya aloi ya alumini. Kila iliporuka, hewa ya ndani ilishindiliwa ili abiria waweze kupumua katika anga ya juu, na kila ilipotua hewa hiyo ilitolewa. Kwa hiyo kila safari ilikuwa ni kutunisha na kunywesha, kwa uradidi ule ule uliokwisha kuelezwa.

Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Ilikuwa imeruka kwa hewa ya kushindiliwa mara 1,290 tu. Tarehe 8 Aprili mwaka huo Comet nyingine ikaanguka kusini mwa Italia, na watu 21 wakafa. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, waliitumbukiza Comet ya tatu katika tangi kubwa la maji, wakawa wanaongeza na kupunguza shinikizo la ndani kuigiza safari moja baada ya nyingine. Kiwiliwili kilipasuka baada ya jumla ya safari 3,057, za kweli na za kuigizwa. Ufa ulianzia penye pembe ya tundu lililokatwa katika bamba, mahali ambapo mkazo hukusanyika.

Funzo la mkasa huo kwa mwanaisimu ni hili: hakuna aliyeweza kusema kwamba ndege hizo zilikuwa zimechakaa. Zilikuwa mpya. Zilikuwa na mchoko.

5. Kuunga bila kuyeyusha

Mabamba ya Comet, kama ya ndege nyingi za wakati huo, yaliungwa hasa kwa ribiti. Sababu mojawapo ni kwamba aloi za alumini zenye nguvu zaidi, hasa zile zenye shaba au zinki, hazikubali kwa urahisi kuchomelewa kwa moto wa umeme. Zikiyeyuka na kuganda upya hujaa vitundu vya gesi, au huatuka wakati wa kupoa.

Mwaka 1991, katika Taasisi ya Uchomeleaji ya Uingereza (TWI) karibu na Cambridge, Wayne Thomas na wenzake walivumbua njia nyingine. Chombo cha chuma kigumu chenye bega pana na ncha fupi huzungushwa kwa kasi, ncha ikazamishwa katika mstari ambapo mabamba mawili yamekutana, na bega likabaki likisugua juu yake. Msuguano huzaa joto, alumini hulainika, na chombo husogezwa mbele polepole huku kikiivuruga metali ya upande huu na ya upande huu na kuifanya kitu kimoja. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Katika njia hii joto hubaki chini ya kiwango cha kuyeyuka cha aloi inayoungwa. Tangu hapo njia hii imetumika katika mabehewa ya treni, meli, matangi ya roketi, na ndege ndogo ya Eclipse 500 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006.

Sasa njia hii iitweje? Kitenzi "chomelea" kimetokana na "choma", na hubeba ndani yake moto na kuyeyuka. "Lehemu" kwa asili ni kuunga kwa madini mengine yaliyoyeyushwa, kama bati. Vyote viwili vinasema jambo ambalo hapa halitendeki. Wapo watakaopendekeza "kukoroga kwa msuguano", kwa kufuata neno la Kiingereza. Lakini Kiswahili hakikorogi kila kitu. Kinachokorogwa ni uji, chai, rangi au saruji yenye maji. Kitu kizito kisichotiririka, kama ugali, au ngima kama wasemavyo Wakamba, hakikorogwi: husongwa. Mpishi hukandamiza mwiko, huugeuza, huukunja unga juu ya unga, na wakati wote huo kilichomo chunguni hakijawa maji. Hiyo ndiyo hali ya alumini chini ya chombo kinachozunguka.

Isitoshe, kitenzi "songa" kina maana nyingine mbili zinazosaidia. Kusonga ni kubana, na bega la chombo lazima liibane metali kwa nguvu nyingi, la sivyo hubaki uwazi ndani. Kusonga pia ni kwenda mbele, na chombo huenda mbele katika mstari wa kiungo. Kwa kitenzi kimoja zimepatikana kazi tatu za mtambo. Kwa hiyo istilahi inayopendekezwa ni "uungaji wa kusonga", au kwa urefu "uungaji wa kusonga kwa msuguano".

Yafaa ieleweke pia mahali ambapo mfano huu unakoma. Ugali hupata joto kutoka mekoni, ilhali hapa joto huzaliwa na mwiko wenyewe. Ugali husongwa ukarudiwa mpaka mpishi aridhike, ilhali kiungo kwa kawaida hupitiwa mara moja. Mwalimu asiyeonyesha mwisho wa mfano huwaacha wanafunzi wake wakiendelea nao peke yao.

6. Kiungo kinapovunjikia

Kiungo kilichosongwa kikikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonyesha sehemu nne. Katikati ni kiini, palipopita ncha. Hapo punje za metali zimekuwa ndogo sana. Kando yake ni ukanda wa msukosuko, ambapo metali imepindwa na kupashwa joto. Halafu upo ukanda wa joto, ambapo metali haikuguswa ila imepashwa moto. Mwisho ni metali asilia.

Mtu angetarajia kwamba udhaifu uwe katikati, palipounganishwa. Mara nyingi sivyo. Aloi kama 6061, yenye magnesi na silikoni, hupata nguvu zake kutokana na chembe ndogo sana ngumu zilizotawanyika ndani yake. Joto la kusonga huzifanya chembe hizo zikue au ziyeyukie ndani ya metali, na ugumu hupungua. Ukipima ugumu kutoka upande mmoja wa kiungo hadi wa pili, aghalabu utakuta mabonde mawili, moja kila upande wa kiini. Kiungo chenye afya kikivutwa mpaka kivunjike, huelekea kuvunjikia katika mojawapo ya mabonde hayo. Mvunjiko wa namna hii hutanguliwa na kurefuka na kusinyaa. Metali hutoa onyo.

Mvunjiko wa mchoko hauonyi hivyo. Huo huanzia penye kasoro, na kasoro za uungaji wa kusonga ni za aina yake. Ya kwanza ni mikwaruzo ya mviringo inayoachwa na bega juu ya kiungo, pamoja na ukingo wa metali iliyofurika kando. Ya pili ni handaki, yaani uwazi mrefu uliofichika ndani, ambao hutokea metali isipobanwa vya kutosha au chombo kinapokwenda kwa haraka mno. Mara nyingi huwa upande ambao mzunguko na mwendo wa chombo huelekea mbele pamoja. Ya tatu, na ya hatari kuliko zote, ni mahali pa chini ambapo ncha haikufika: pande mbili zimegusana kwa karibu mno hata huonekana zimeungana, kumbe utando mwembamba wa oksidi bado umezitenga. Jicho halioni, na hata vyombo vya kupimia huweza kupapita.

Kiungo kisicho na kasoro hizo kwa kawaida hustahimili marudio mengi zaidi kuliko kiungo cha alumini kilichoyeyushwa, ingawa bado hakifikii metali asilia. Mikwaruzo ya juu ikisuguliwa mpaka uso ukawa laini, ustahimilivu huongezeka, kwa kuwa ufa umenyimwa mahali pa kuanzia.

7. Ufa na vitenzi vyake

Safari ya ufa ina hatua tatu: kuzaliwa, kukua, na kuvunjika kwa ghafla pale sehemu iliyosalia inaposhindwa kubeba mzigo. Kiswahili kina vitenzi vya kuzitenga hatua hizo. Waya hukatika, fimbo huvunjika, nguo huchanika, ubao hupasuka. Pamoja na hivyo kipo kitenzi ambacho matumizi yake yamepungua, nacho ni "atuka", yaani kufanya ufa bila kuachana. Mkamba hukitambua mara moja, kwa kuwa lugha yake inacho kitenzi cha asili moja, "kwatũka". Kwa hatua ya kwanza basi yafaa kusema "mwatuko". Kwa ya pili "ukuaji wa ufa". Kwa ya tatu "mvunjiko". Mwanafunzi ataweza kusema kwamba bamba limeatuka lakini halijavunjika, nayo ndiyo sentensi yenye thamani kubwa kuliko zote katika kazi ya ukaguzi.

Ufa unapokua huacha alama zake. Uso wa metali iliyovunjika kwa mchoko huonyesha mistari iliyopinda, mmoja nje ya mwingine, mithili ya pete zinazoonekana katika kisiki cha mti. Ukiifuata mistari hiyo kuelekea ndani, unafika mahali ufa ulipozaliwa. Fundi aliyezoea mbao hahitaji maneno mengi ili aelewe jambo hili.

8. Methali na ufa wa metali

Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni ya hekima kubwa katika nyumba ya udongo. Katika metali inahitaji tahadhari. Fundi anayekuta ufa katika mkono wa chombo cha alumini, akamwaga madini mapya juu yake mpaka usionekane, ameuziba kama methali ilivyoagiza. Lakini ncha ya ufa imebaki ndani, kali kama ilivyokuwa, na mzigo ukirudi nayo hurudi kazini. Tena joto la kuchomelea limezidi kuilainisha metali ya kandokando. Kinachotakiwa ni kuuchimba ufa wote mpaka mwisho wake kabla ya kuunga, au angalau kutoboa tundu la mviringo penye ncha ili makali yake yafe kwa muda, kisha kipande kibadilishwe.

Hapa ndipo uzito wa suala la lugha unapodhihirika. Neno "ziba" ni neno jema, na fundi anayelitii anatii hekima ya wazee. Bila istilahi inayotofautisha kuziba ufa na kuondoa ufa, hawezi kulaumiwa. Anayepaswa kulaumiwa ni yule aliyekuwa na maarifa hayo katika lugha nyingine akaridhika yabaki huko.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba "mchoko" hufaa kuliko "uchovu", kwa sababu metali haipumziki. Kwamba "kusonga" hufaa kuliko "kukoroga" na "kuchomelea", kwa sababu metali haiyeyuki. Na kwamba "mwatuko", "ukuaji wa ufa" na "mvunjiko" hutenga hatua ambazo neno moja la "kuvunjika" huzichanganya. Hakuna hata istilahi moja kati ya hizi iliyolazimu kukopwa. Ziliyokopwa, kama "aloi", "oksidi" na "ribiti", zimekwisha kuzoeleka na hazina haja ya kufukuzwa.

Taasisi za lugha, tangu ile Kamati ya mwaka 1930 hadi BAKITA iliyoundwa mwaka 1967, zimefanya kazi kubwa ya kusanifu istilahi. Huenda kazi iliyobaki isianzie mezani, bali ianzie karakanani, kwa kusikiliza ni kitenzi gani fundi anakitumia akiwa na chombo mkononi. Mpishi wa Kitui amekuwa akisonga miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mhandisi kwamba neno analolitafuta limo jikoni.